Watoto wake je?

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Habari hii ya askari wa zimamoto aliyefariki kazini imenitoa machozi. Wanaosema zimamoto huchelewa, wapite Mji Mkongwe wa Zanzibar siku moja: gari kubwa haliingii vichochoroni, vijana huburura mipira ya maji kwa mikono, na juu ya vichwa vyao kuna boriti za mikoko zilizobeba dari nzito ya mawe na chokaa. Boriti ikishaungua, dari hushuka bila taarifa. Na bado huingia! Mtu akitumbukia kisimani, ni hao hao. Mwandishi, umetutajia vyeo vyake vyote, ahsante, lakini watoto wake nani anawasomesha sasa? Hilo ndilo ninalotaka kulisoma. Poleni sana wafiwa.