Acha kufukuza volti: seti ndogo ya drili na impakti inatosha

Shemeji yangu alikuja na kasha kubwa kama la kusafiria, akalitua mezani na kulifungua kwa madaha. Ndani mlikuwa na drili, impakti (ile mashine ya kuingiza skrubu kwa kugongagonga), chaja na betri mbili nene kama tofali. "Shemeji, hii ni volti 20," akasema, huku akiitazama yangu ya volti 12 kama mtu anayetazama baiskeli ya mtoto. Sikubishana naye. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kufunga bawaba za kabati la jikoni: mtu umelala ubavu, kichwa kimeingia kabatini, mkono mmoja umeshikilia mlango. Cha mvunguni sharti uiname, lakini wahenga hawakusema uiname na mashine ya kilo mbili mkononi. Kufika mlango wa tatu akanyoosha mkono nje bila hata kugeuka: "Hebu nipe hiyo yako."

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue seti gani, jibu langu ni moja. Nunua ndogo kuliko unavyodhani unahitaji, na pesa itakayobaki iweke kwenye biti nzuri, yaani zile ncha za kutobolea na kukazia skrubu. Najua watakaonipinga wapo, hasa wanaopaua nyumba kutwa kucha. Hao siwaandikii. Namwandikia mwenye kabati, kitanda, rafu, pazia na mlango unaokwaruza sakafu. (Kamusi inaiita keekee, mafundi wanaiita drili. Mimi nafuata mafundi.)

Tuanze na hizo volti, maana ndizo zinazouza. Betri za mashine hizi zimeundwa kwa seli za lithiamu. Seli moja ina wastani wa volti 3.6 ikiwa kazini, na volti 4.2 ikiwa imetoka kwenye chaja sasa hivi. Panga seli tano: 3.6 mara 5 ni 18. Ukihesabu kwa ile 4.2 unapata 21, na muuzaji anaandika 20. Betri ni ileile. DeWalt, kwa mfano, wanaandika 20V Max kwenye mashine za soko la Marekani na 18V kwenye zile za Ulaya. Ili nisiwe mnafiki, ya kwangu ya volti 12 nayo ina seli tatu tu, kwa hiyo ikiwa kazini ni 10.8.

Hesabu hiyo ina faida nyingine: inakuambia uzito. Seli ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50. Betri ya volti 18 yenye 2Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) ina seli tano, robo kilo hivi kabla ya plastiki. Ile ya 4Ah au 5Ah mara nyingi ina seli kumi zilizopangwa safu mbili, na hapo umeshafika nusu kilo, yote ikiwa chini ya mpini. Ishike juu ya kichwa dakika tano ukifunga reli ya pazia, kisha uje tuzungumze. Ukitaka kujua betri imebeba nini, zidisha volti kwa Ah. Volti 18 kwa 2Ah ni wati-saa 36, na 10.8 kwa 2Ah ni kama 22. Ndiyo, ndogo inaisha mapema. Lakini ukiwa na betri mbili, moja inachajiwa nyingine ikifanya kazi, na nyumbani sijawahi kuzimaliza zote mbili.

Namba ya pili inayopotosha ni torki, nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutonimita. Drili ndogo ya volti 18 hutangazwa kuwa na 50 au 60, na ya volti 12 kama 30 na kitu. Soma maandishi madogo, utakuta kampuni nyingi zinatoa namba mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kubwa imepimwa kwenye kitu kigumu kinachosimama ghafla. Ndogo imepimwa kwenye kitu laini kinachokaza polepole, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao, na ndiyo yenye habari. Ile inayoandikwa kwa herufi nene kwenye boksi unaijua mwenyewe.

Impakti yenyewe hutangazwa kwa 100 na kitu, 150, hata 200, na hapo watu huchanganyikiwa. Kama ina torki mara tatu ya drili, drili ya nini tena? Hizi ni mashine mbili zenye tabia tofauti kabisa, na asiyeelewa tofauti yake ataharibu vitu, kama nilivyoharibu mimi.

Ndani ya impakti mna nyundo ndogo ya chuma inayozungushwa na mota, na nyuma yake springi inayoisukuma mbele. Mbele yake kuna fuawe yenye masikio mawili, na kwenye fuawe hiyo ndiko biti inakokaa. Skrubu ikiwa bado inaingia kwa urahisi, nyundo na fuawe huzunguka pamoja bila makelele. Skrubu ikianza kugoma, fuawe inachelewa, nyundo inarudi nyuma ikiikandamiza springi, inaruka lile sikio, kisha springi inaisukuma mbele, nayo inapiga sikio linalofuata kuelekea kulekule skrubu inakokwenda. Hilo hutokea mara 3,000 na zaidi kwa dakika, yaani mapigo 50 au zaidi kila sekunde. Ndiyo ile kelele ya tatatatata inayowaamsha majirani, na kwenye chumba kidogo vaa kinga ya masikio, sitanii.

Uzuri wake ni kwamba pigo linaishia kwenye fuawe, halifiki kwenye kifundo cha mkono wako. Drili ikikwama kwenye mbao, yenyewe inasimama na wewe ndiye unayezungushwa. Impakti inaendelea kugonga mkono wako ukiwa umetulia. Tena zile kofi ndogo ndogo huisaidia biti kubaki ndani ya kichwa cha skrubu badala ya kuteleza na kukila.

Ubaya wake nao ndio huohuo: haina klachi, kile kifaa kinachoachia skrubu ikishakaza, kwa hiyo haijui kusimama. Nilikuwa natengeneza sanduku la mninga, zawadi, na bawaba zake zilikuja na skrubu za shaba ya manjano. Nikaziingiza kwa impakti kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Mbili zikaingia vizuri. Ya tatu ikatoa sauti ndogo, tik, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Kichwa kikaanguka sakafuni, mwili ukabaki ndani ya mbao, na mchana wote nikautumia kuuchimbua. Seremala mmoja mzee alinicheka, kisha akanionyesha: toboa tundu kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo ili ikate njia, itoe, ndipo uweke ya shaba kwa bisibisi ya mkono. Hakuna betri hapo.

Ndiyo maana nasema kwenye seti, mashine ya kuchunguza kwa makini ni drili. Impakti ndogo za kampuni zinazojiheshimu zinakaribiana sana. Drili ndiko wanakobania gharama. Geuza ile pete yenye namba: hiyo ndiyo klachi. Kwenye namba 1 hadi 15 au 20 mashine inaachia yenyewe skrubu ikifikia mkazo uliouchagua, inakwaruza, krrr, na kichwa cha skrubu kinabaki sawasawa na uso wa mbao. Klachi mbaya haina tofauti kati ya 3 na 8. Ukiruhusiwa, ijaribu kwenye kipande cha mbao laini. Kisha tazama yale meno matatu yanayobana biti. Weka biti ndefu iliyonyooka, kaza, zungusha polepole na uangalie ncha. Ikichora duara hewani badala ya kutulia, rudisha sandukuni. Drili nyingi za volti 12 hubana biti hadi milimita 10, na za volti 18 hadi 13. Kwa kazi za nyumbani 10 inatosha, isipokuwa labda siku utakapotaka kupitisha bomba. Gia zinatakiwa ziwe mbili: ya kwanza ya mwendo wa pole, mizunguko kama 400 kwa dakika, kwa skrubu na tundu kubwa, na ya pili ya mizunguko 1,500 kwenda juu, kwa biti nyembamba.

Na ukuta je? Kuna seti ambazo drili yake ina alama ya nyundo, nayo hugonga kwa sahani mbili zenye meno zinazorukiana huku wewe ukiisukuma kwa kifua. Kwenye tofali, tundu mbili tatu, sawa. Kwenye zege utaunguza biti na hasira. Zege linataka mashine ya SDS, yenye pistoni inayosukuma hewa na kugonga kwa nguvu yake yenyewe, na kama unatoboa zege mara mbili kwa mwaka, azima. Nisingeongeza pesa wala uzito kwenye seti ndogo kwa ajili ya ile alama.

Suala la brashi ni fupi. Mota ya zamani inapelekewa umeme na vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na sehemu inayozunguka. Vinalika, vinatoa cheche, vinapoteza nguvu kwa joto. Mota isiyo na brashi inaendeshwa na saketi, inakula betri kidogo, na kwa kawaida ni fupi, kwa hiyo mashine nzima inakuwa fupi. Ukimudu tofauti ya bei, ichukue, hasa kwa sababu ya huo ufupi. Usipomudu, usilie. Mota ya brashi ikitunzwa hudumu miaka mingi kwa mtu wa nyumbani.

Sasa betri. Ukinunua seti unaoa ukoo mzima. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya nyingine, na wakati mwingine hata ndani ya kampuni moja haziingiliani. Betri za volti 18 za Bosch ya kijani na za Bosch ya bluu, kwa mfano, hazibadilishani. Kwa hiyo kabla ya kupenda drili, tazama mashine nyingine za betri hiyo: msumeno, taa, mashine ya msasa, pampu ya upepo. Kuna vile viunganishi vinavyouzwa ili betri ya huku ivae mashine ya kule. Mimi sivitaki. Kampuni nyingine huweka kinga ya kuzuia betri isiishe kupita kiasi ndani ya betri yenyewe, nyingine ndani ya mashine. Ukichanganya, unaweza kujikuta huna kinga popote, na seli ya lithiamu iliyonyonywa hadi mwisho mara nyingi haifufuki.

Betri bandia nazo ziko kila mahali mtandaoni. Kabla hujaamini maandishi, ibebe. Betri ya volti 18 inayojiita 6Ah lakini nyepesi kama ya 2Ah haina kitu ndani. Soma pia maandishi ya chaja: seti iliyotoka nchi ya volti 120, ukiichomeka kwenye volti 230, utasikia harufu kabla hujaona moshi, isipokuwa kama imeandikwa 100 hadi 240. Na ukimaliza kazi, usiiache betri juani ndani ya gari. Ikikaa muda mrefu bila kutumika, iache na nusu ya chaji, mahali pa baridi kiasi.

Biti, ambako nilisema uweke ile pesa iliyobaki: skrubu nyingi zinazoharibika, kosa si la mashine. Vichwa vya skrubu vya msalaba, Phillips na Pozidriv, vinafanana kwa mbali, ila Pozidriv ina vistari vinne vidogo kati ya mikono ya msalaba, nayo inataka biti iliyoandikwa PZ. Ukiichokonoa kwa PH, yaani biti ya Phillips, inateleza, na kila ikiteleza inakula. Kwa impakti tafuta biti zilizotengenezwa kwa ajili yake, zenye kiuno chembamba kinachojisokota kidogo kila pigo linapokuja. Zile ngumu za kwenye kisanduku cha vipande mia moja huvunjika ncha siku ya kwanza.

Wiki mbili baada ya lile kabati shemeji alinipigia. Salamu ndefu, watoto hawajambo, kisha kimya kidogo. "Hivi kampuni ya hii yangu hawana ndogo inayotumia betri hizihizi?" Wanayo. Zipo drili na impakti fupi za volti 18, karibu sawa na yangu kwa urefu. Nikamwambia atafute iliyouzwa bila betri wala chaja, anunue betri moja ya 2Ah, na zile tofali zake aziwekee msumeno.