Kubana matumizi si maono
Makala moja niliyoisoma inadai kuwa kiongozi wa biashara mwenye maono hujulikana kwa wepesi wake wa kubana matumizi uchumi unapoyumba. Sikubaliani nayo. Mwaka 1993, mfumuko wa bei nchini Kenya ukiwa umepita asilimia 40, Equity Building Society, taasisi ya kuweka akiba na kukopesha fedha za nyumba, ilikuwa imefilisika kimahesabu, yaani madeni yake yalizidi mali zake. Ndipo James Mwangi, mmoja wa viongozi wake, na wenzake walipomgeukia mkulima mdogo na mama mboga afungaye noti zake kwenye pindo la leso, watu ambao benki kubwa ziliwafungia mlango kwa masharti ya akiba. Mwaka 2004 Equity ikawa benki kamili. Kupunguza wafanyakazi, jambo ambalo mhasibu yeyote hulimudu, kusingewafikisha hapo. Je, wasomaji wenzangu, ni waajiri wangapi mmewaona wakitafuta wateja wapya kabla ya kugawa barua za kuachisha watu kazi?