Rili ya 3,000 au ya 20,000: hesabu ya mvuvi wa ufukweni

Jirani yangu, kijana anayechomelea mageti, alinijia siku chache kabla ya bamvua na swali ambalo wavuvi wa fimbo hulibishania kama mashabiki wa mpira. Alikuwa amejiwekea shilingi 8,000. Alitaka kuvua ufukweni, miguu ikiwa mchangani, bila kulipia mashua. Je, anunue rili, ile mashine ya kukunjia uzi kwenye fimbo, mpya ya 3,000 ili zinazobaki zitoshe fimbo, uzi na ndoana? Au ajibane miezi kadhaa mpaka afikie ile ya 20,000 ambayo kila aliye nayo haachi kuisifu?

Wanaotetea rili rahisi wana hoja nyepesi kueleweka. Chumvi haijui bei. Rili yoyote ikilala na maji ya bahari itaoza, basi heri ioze ya 3,000. Wanaotetea ya ghali nao husema kwamba ya rahisi utainunua mara saba. Mimi nimeishi kambi zote mbili, nimeshazika rili tatu, na naona pande zote zinaruka jambo la kwanza kabisa, yaani ufukwe gani.

Pwani ya Kenya si moja. Ukitoka Diani hadi Watamu, mwamba umelala mbele ya ufukwe na mawimbi makubwa yanavunjikia huko nje. Ndani yake maji ni kama ziwa. Mvuvi wa huku husubiri maji yapwe, akatembea hadi ukingoni mwa mwamba, au akatafuta mlango ambao samaki huingilia maji yakijaa. Rili yake hupata matone na upepo wa chumvi, basi. Lakini Malindi na kuendelea Mambrui, mto Sabaki humwaga tope jingi, matumbawe hayakupata nafasi ya kujenga ukuta, na wimbi linakuja hadi mchangani likiwa na nguvu zake zote. Hapo unaingia maji hadi kiunoni ili urushe chubwi, ile risasi ya kuzamishia uzi, ipite safu ya kwanza ya mawimbi. Wimbi linakupiga kifuani, na rili iko kifuani. Maji yenyewe wakati wa kusi ni ya rangi ya chai, yamejaa mchanga mwembamba. Rili iliyoishi Diani miaka mitatu inaweza kufa Mambrui kabla ya kaskazi.

Na kuna swali ambalo wauzaji hawalipendi: unahitaji rili kweli? Mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoana mbili na kipande cha risasi, hayo yote hayafiki shilingi 500. Penye mlango, usiku, nimeketi karibu na wazee wenye mshipi wakajaza ndoo ya samaki aina ya changu nami nina fimbo ya futi 13 na samaki wawili. Rili inanunua umbali, na uzi wa kumwachia samaki mkubwa akimbie. Samaki wakiwa miguuni pako, hayo yote ni mapambo. Jirani yangu alikuwa amelenga Mambrui na samaki wakubwa kama kolekole, kwa hiyo rili alikuwa anaihitaji.

Sasa tuifungue hiyo ya 3,000. Mimi yangu ya kwanza niliifungua juu ya sinia ya bati, baada ya kufa mwezi wa nane. Nilitarajia kutu kila mahali, na la ajabu ni kwamba mwili wake ulikuwa mzima, kwa sababu ulikuwa plastiki, na plastiki haishiki kutu. Hili watetezi wa bei ghali hawapendi kulikubali. Kilichokufa ni vitu vitatu. Kwanza rola, kile kijigurudumu ambacho uzi hupitia kabla ya kuingia kwenye spuli, pale unapojikunja. Kilikuwa kimeganda kwa fuwele za chumvi, hakizunguki tena, na uzi ulikuwa ukisuguliwa sehemu moja tu hadi nailoni ikaota manyoya. Pili, ile beringi inayozuia mpini kurudi nyuma. Ndani yake kuna vijiti vya chuma vyembamba vinavyosukumwa na vispringi vidogo kama kope, na mimi kwa mapenzi yangu nilikuwa nimeijaza grisi. Grisi nyingi huko ni sumu, vijiti vinateleza badala ya kubana. Tatu, meno ya gia, ambayo yalikuwa ya madini laini, yamelika upande mmoja kwa sababu mwili wa plastiki hupinda kidogo unapovuta kitu kizito na gia hazikutani sawasawa.

Katoni yake ilikuwa imeandikwa beringi 13+1, ile moja ikiwa ya kuzuia mpini, na breki ya kilo 15, yaani ukinzani wa uzi samaki anapouvuta. Nilijivunia sana hizo namba. Rili ya Daiwa BG, iliyotoka mwaka 2016 na kupendwa na wavuvi wengi wa maji chumvi, ina 6+1. Idadi ya beringi ni kama idadi ya vitasa kwenye mlango mbovu. Kila beringi mbovu ni mahali pengine pa kushika kutu. Na breki ya kilo 15 uitie wapi? Desturi ni kufunga breki robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 15 unakupa breki ya kilo 4 hadi 5, na ukisimama mchangani na fimbo ndefu, hizo kilo 5 zitakutoa jasho. Cha kuuliza ni kama breki inaanza kuachia taratibu au kwa mshtuko. Breki inayonata sekunde moja kisha ikaachia ghafla ndiyo inayokata uzi, na hilo halijaandikwa kwenye katoni yoyote.

Upande wa pili kuna rili kama hiyo BG, au Battle ya Penn, kampuni iliyoanza Philadelphia mwaka 1932. Marekani huuzwa kwa dola mia na kidogo kutegemea ukubwa. Ukiongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, ikifika hapa huwa imekaribia 20,000 au imepita. Unapata mwili wa chuma chepesi usiopinda, gia zinazokutana, na breki yenye visahani vya kaboni vinavyoachia uzi kama mtu anayemwaga maziwa. Tofauti hiyo utaisikia mkononi siku ya kwanza, sina ubishi.

Ila chuma hicho kina ugonjwa wake. Mwili wa alumini umefungwa kwa skrubu za chuma cha pua, na metali mbili zikikutana ndani ya maji chumvi huwa betri ndogo inayoila alumini. Rangi ikichubuka kidogo tu, baada ya muda unaona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu kama unga wa muhogo. Skrubu ikishaganda humo, ukiilazimisha inakatika. Asiyefungua rili yake hata mara moja kwa mwaka hafaidi ubora aliolipia.

Ndipo wengine husema panda ngazi nyingine, nunua iliyozibwa maji isiingie. Za Penn, Spinfisher VI imepewa IPX5, Slammer IV imepewa IPX6, alama za kipimo cha kuzuia maji. Herufi hizi zinasikika kama kinga ya kudumu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutosoma. Tarakimu ya 5 maana yake kifaa kimepigwa maji ya mpira, lita 12.5 kwa dakika. Tarakimu ya 6 ni mpira mkubwa zaidi, lita 100 kwa dakika. Hakuna kati ya hizo mbili inayozungumzia kuzamishwa. Kuzama mita moja kwa nusu saa ni 7. Na jaribio hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala mchanga, kwa kifaa kipya. Sisemi kuziba hakusaidii. Kwa anayeingia maji hadi kiunoni kunasaidia sana. Lakini mpira wa kuzibia huchakaa, na maji yakishapenya, uzibo uleule huyafungia ndani, yakakaa humo yakila beringi wewe ukidhani uko salama. Kisha rili ya namna hiyo si ya kufungulia juu ya sinia. Ina mipira ya kupaka mafuta na kurudisha mahali pake hasa, na mafundi wa kazi hiyo huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Za juu zaidi, Stella SW na Van Staal, bei yake ni dola elfu hivi. Mwenye nazo anunue.

Turudi kwenye hesabu. Rili zangu rahisi zilidumu kwa wastani wa miezi minane. Kwa miaka mitano hizo ni rili saba au nane, yaani 21,000 hadi 24,000. Ya 20,000 ikitunzwa hudumu hiyo miaka mitano, lakini ina grisi, ina beringi ya rola ya kubadilisha, na kuna siku itaanguka mwambani. Ukijumlisha, tofauti haifiki hata nauli ya mwaka. Kwa hiyo wale wanaosema rahisi ni hasara tupu wanatia chumvi, na kwa mtu anayevua mara moja kwa mwezi ndani ya mwamba, rili ya 3,000 ni uamuzi wa busara kabisa. Anaweza pia kuazimisha bila kukosa usingizi.

Mimi kilichonihamisha kambi hakikuwa hesabu. Ilikuwa jioni, Mambrui, maji yakijaa. Fimbo iliinama ghafla na uzi ukaanza kutoka. Nilipojaribu kushika mpini, ile beringi ikateleza, mpini ukarudi nyuma ukinigonga vidole mara tatu nne, nikauachia. Uzi ukalegea, halafu ukakaza ghafla, halafu hakuna. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja mshipi wake alitazama vidole vyangu. “Mwanangu,” akasema, “hiyo mashine yako yavua vidole.” Rili rahisi hufa pale inapovutwa kwa nguvu, na hiyo ndiyo dakika moja uliyoinunulia. Hesabu ya miezi minane haina safu ya kuandikia jambo hilo.

Hata hivyo sikumwambia jirani angoje afikishe 20,000. Pesa ya kungojea huliwa na mengine, na kijana angekosa msimu mzima. Kuna njia ya tatu ambayo kambi zote mbili huidharau: rili nzuri ya zamani, ya mitumba, ya chuma, isiyozibwa, yenye skrubu unazoweza kuzifikia. Waaustralia wa Queensland walivua miaka mingi kwa Alvey, iliyoanza Brisbane mwaka 1920, ambayo kwa kweli ni gurudumu kubwa unaloligeuza ubavu ili kurusha. Haina karibu chochote cha kuharibika. Inasokota uzi vibaya, lakini unaiosha kwa ndoo ya maji ukaendelea. Hizo huku hazipatikani kirahisi. Fikra yake inapatikana: kitu kichache, kinachofunguka.

Tulikwenda wote kwa muuzaji. Ukikamata rili ya mitumba, macho yaanzie kwenye skrubu. Vichwa vilivyotafunwa maana yake mtu alishaingia humo bila bisibisi ya saizi yake, na unga mweupe maana yake skrubu hiyo haitoki. Zungusha mpini taratibu, taratibu sana, ukiwa umeiweka karibu na sikio. Ukiuzungusha kwa kasi kila rili inasikika nzuri. Mkwaruzo ni mchanga au beringi, na hivyo vinatibika. Mdundo unaojirudia kila mzunguko ni jino la gia, mrudishie mwenyewe. Sukuma rola kwa ukucha uone kama linazunguka. Kaza breki nusu, vuta uzi kwa mkono, usikilize mwanzo wake. Kisha ugonge mpini kurudi nyuma kwa nguvu mara kumi. Ukiteleza hata mara moja, punguza bei au ondoka.

Aliyoipata ilikuwa ya saizi 6000, mwili wa chuma, rangi imetoka upande mmoja, rola imeganda. Muuzaji alitaka 6,500, akashuka hadi 4,500 kwa ajili ya rola. Zilizobaki zilitosha fimbo ya mkono wa pili na mita 300 za nailoni ya milimita 0.40. Uzi wa kusuka ungekuwa mwembamba na ungefika mbali zaidi, lakini ungemaliza pesa, na kwenye mwamba hukatika kwa kuguswa tu.

Nilimpa sharti moja. Kila arudipo akaze breki kwanza, ainyunyizie rili maji yasiyo na chumvi kama mtu anayemwagilia mche, aifute, kisha alegeze breki kabla ya kuiweka. Maji ya mpira kwa nguvu husukuma chumvi ndani, na rili nyingi zimeuawa bafuni. Rola tuliitoa jioni ileile, tukailowesha kwenye kifuniko cha chupa chenye siki, tukaikausha, tukaitia tone la oili. Ikazunguka, kwa kelele kidogo. Kijana akaitazama, akasema beringi kama ile iliyomo ndani yake ameiona kwenye duka la vipuri vya printa, na kesho yake akaja nayo mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya sigara.