Fainali ya 1930: Mpira ndio ulioamua, au hofu?

Mabao matatu ya Uruguay ya kipindi cha pili yanabishaniwa mpaka leo. Ilikuwa 30 Julai 1930, fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, katika uwanja wa Centenario mjini Montevideo. Waliokutana ni watani wa jadi wanaotenganishwa na Mto Plate tu: Uruguay, mabingwa wa Olimpiki wa 1924 na 1928, na Argentina, waliotwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini miezi minane kabla. Wenyeji walishinda 4-2. Wauruguay wanasema ubora uliamua. Waajentina wanasema waliporwa.

Hoja inayopendwa vijiweni ni ya mpira wenyewe. Kila timu ilikuja na wake na haikutaka kuusikia wa mwenzake. Mwamuzi John Langenus wa Ubelgiji, aliyechezesha akiwa na koti, tai na suruali ya kuishia magotini, akakata shauri: kipindi cha kwanza mpira wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Mapumziko Argentina wakaenda wakiongoza 2-1. Waliporudi wakafungwa matatu bila majibu. Kisa kitamu, ila kina tundu. Aliyefungua ukurasa wa mabao ni Pablo Dorado wa Uruguay, dakika ya 12, na mpira aliopiga ulikuwa huohuo wa Argentina. Tena bao la pili la Argentina, la Guillermo Stábile, lililalamikiwa na nahodha José Nasazzi kwamba mfungaji kaotea. Kama tunahesabu bahati, tuzihesabu zote.

Hofu ndiyo hoja nzito. Mashabiki walipekuliwa silaha milangoni, na Langenus alitaka ahakikishiwe usalama wake kwanza ndipo ashike filimbi. Luis Monti, uti wa mgongo wa kiungo cha Argentina, inaelezwa alikuwa amepokea vitisho vya kuuawa, na siku hiyo yule Monti mkali aliyezoeleka hakuonekana. Mwenzake Francisco Varallo aliingia na goti bovu, na enzi hizo hakuna cha mchezaji wa akiba: ukiumia, unachechemea mpaka mwisho. Hata mashabiki wa Argentina waliovuka kwa meli, wapo waliokwama kwenye ukungu wa mto wakaikosa mechi.

Sasa, umati wa kipindi cha kwanza ndio uleule wa kipindi cha pili, na mbele yake Argentina walitoka nyuma wakaongoza. Woga gani huo unaosubiri mapumziko? (Ingawa nakubali, chumba cha kubadilishia nguo humpa mtu muda wa kuwaza.)

Mimi naenda kutafuta jibu nje ya Montevideo. Novemba 1929, mjini Buenos Aires, Argentina waliifunga Uruguay 2-0. Kwa hiyo kila mmoja alitamba kwake. Lakini mwaka 1928 walikutana Amsterdam kwenye fainali ya Olimpiki, ugenini kwa wote wawili: sare ya 1-1, ikarudiwa, Uruguay wakashinda 2-1. Hakuna mpira wa kugombania wala mji mzima wa kuogopwa, na bado Uruguay wakawa mbele kwa bao moja. Huo ndio umbali halisi uliokuwapo kati yao, mdogo lakini upo.

Ndiyo maana bao la nne, kichwa cha Héctor Castro dakika ya 89, nawaachia Waajentina walisingizie uwanja wakipenda. Ingawa ni taabu kumwonea wivu Castro, aliyekatwa mkono na msumeno wa umeme akiwa kijana. Matatu ya kwanza, hapana.

Buenos Aires hawakuwa na subira ya hesabu hizi. Ubalozi mdogo wa Uruguay ulipigwa mawe, na vyama vya soka vya nchi hizo mbili vikakatiana uhusiano. Monti akahamia Italia, akapewa jezi ya taifa, na mwaka 1934 akacheza fainali nyingine ya Kombe la Dunia, mjini Roma. Akashinda. Safari hii kelele za uwanja zilikuwa upande wake.