Nota zimepokelewa, wapigaji bado

Tarehe 13 Septemba 2015, okestra mpya iliyoitwa Chineke! ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Queen Elizabeth, London. Wapigaji walikuwa 60 hivi, wengi wao Weusi, wengine wa asili nyingine ambazo hazionekani sana kwenye okestra za Uingereza. Walipiga kazi ya Brahms, wakapiga Simfoni ya Saba ya Beethoven, wote wawili watunzi Wajerumani wa zamani, na pamoja nazo wakaweka utunzi wa Philip Herbert wa kumkumbuka Stephen Lawrence, kijana Mweusi aliyeuawa London mwaka 1993 na wabaguzi wa rangi. Utunzi huo unapigwa na vyombo 18 vya nyuzi, kila kimoja na njia yake, kwa sababu Lawrence aliishi miaka 18.

Tangu siku hiyo mjadala haujaisha. Je, ni sawa kuunda kundi la muziki kwa kutazama rangi ya wapigaji na watunzi?

Aliyeianzisha Chineke! ni Chi-chi Nwanoku, mpigaji wa besi kubwa, lile fidla linalompita mtu kimo na ambalo wapenzi wa taarabu ya Unguja hawahitaji kuelezwa. Baba yake ni Mwigbo wa Nigeria, mama yake Mwairishi. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi mpaka goti lilipomsaliti, akaanza kujifunza besi akiwa na miaka 18, umri ambao walimu wengi wangemwambia amechelewa. Akafika mbali, lakini kwa miongo mitatu alizoea kuwa Mweusi pekee jukwaani. Wazo la Chineke! lilimjia mwaka 2014, Okestra ya Kimbanguiste ilipotoka Kinshasa kuja kupiga London. Ile ni okestra iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri wa Kongo aliyeanzisha kanisa la Kimbanguiste, kwa watu waliokuwa wakipokezana fidla chache walizokuwa nazo. London ililazimika kuagiza okestra ya Weusi kutoka Kongo, ilhali wapigaji Weusi waliosomea kazi hiyo walikuwa hapo hapo mjini, kila mmoja kivyake.

Chineke! ina pia kundi dogo la vyombo vichache, na mimi naona hoja ya kuwa na okestra kama hii inasikika vizuri zaidi huko kuliko kwenye okestra nzima. Chukua Noneti ya Samuel Coleridge-Taylor. Vyombo ni tisa tu: piano, obo, klarineti, baragumu, besuni, fidla, viola, selo na besi. Hakuna kondakta wa kumfuata wala safu ya kujificha ndani yake. Ukikosea, kila mtu amekusikia. Coleridge-Taylor, mtoto wa daktari kutoka Sierra Leone na mama Mwingereza, aliiandika karibu mwaka 1894, akiwa bado mwanafunzi wa Royal College of Music, hajafikisha hata miaka 20. Ikakaa miaka mingi bila kuchapishwa.

Wanaopinga wana hoja nzito, na hazistahili kupuuzwa kwa kuwaita wabaguzi. Ya kwanza ni kwamba Noneti ni kazi ya mwanafunzi. Ukiisikiliza unamsikia Dvořák, mtunzi wa Kicheki, unamsikia Brahms, na Coleridge-Taylor mwenyewe anachungulia hapa na pale. Kuitangaza kama hazina iliyofichwa ni kumtendea mtunzi kwa huruma, na huruma ni aina ya dharau. Hapa nakubaliana nao nusu. Mzungu wa umri ule akiandika hivyo tungesema kijana ana kipaji, tusubiri. Coleridge-Taylor apimwe kwa kazi zake zilizokomaa.

Hoja ya pili inauma zaidi. Tunaambiwa watunzi hawa walisahauliwa kwa sababu ya rangi, lakini Coleridge-Taylor hakuwa amesahauliwa hata kidogo. Kazi yake ya kwaya kuhusu Hiawatha, shujaa wa hadithi ya wenyeji wa asili wa Marekani, ya mwaka 1898, iliimbwa na kwaya za Uingereza kila pembe. Alikwisha kuiuzia kampuni ya uchapishaji kwa gini 15 tu, yaani pauni 15 na ushee, kwa hiyo nakala ziliuzwa kwa maelfu yeye akiendelea kuhangaika, hadi alipofariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37. Hata baada ya kifo chake, katika miaka ya 1920 na 1930, ilikuwa ikijaza ukumbi wa Royal Albert. Kisha fasheni ya kwaya kubwa kubwa za namna ile ikapita, nayo ikapita pamoja na nyingine nyingi za watunzi Wazungu ambao leo hakuna anayewataja. Mtu akisema rangi ndiyo iliyomfuta, anasema kwa haraka.

Kwa Florence Price, Mmarekani, maelezo hayo ya fasheni hayatoshi. Simfoni yake ya kwanza ilipigwa na Okestra ya Chicago mwaka 1933. Miaka 10 baadaye alimwandikia kondakta wa Boston, Serge Koussevitzky, akianza kwa kutaja vikwazo vyake viwili, kuwa mwanamke na kuwa na damu ya Weusi, akaomba kazi yake ihukumiwe kwa ubora wake tu. Koussevitzky hakuipiga. Price alifariki mwaka 1953, na mwaka 2009 marundo ya nota zake yakakutwa kwenye nyumba iliyoachwa ukiwa huko Illinois. Muziki wa mtunzi huyu haukupewa nafasi ya kuchuja.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: muziki hauna rangi, weka pazia, msaili asimwone msailiwa, anayepiga vizuri apate kazi. Kwa wanawake, mfumo wa pazia ulisaidia kweli nchini Marekani. Watu husahau kwamba Weusi nao waliutaka. Mwaka 1969 wanamuziki wawili, Arthur Davis wa besi na Earl Madison wa selo, waliishtaki New York Philharmonic mbele ya tume ya haki za binadamu ya jiji lao, wakataka usaili ufanywe nyuma ya pazia. Tume haikuona ubaguzi katika ajira za kudumu, lakini iliuona kwa wapigaji wa deiwaka, wale wanaoitwa kujaza nafasi kwa siku chache, kwani hao huitwa kwa kujuana. Mwaka 2020 mkosoaji wa New York Times, Anthony Tommasini, akaandika kinyume: pazia liondolewe, maana bila kuwaona watu okestra hazitabadilika.

Tommasini anakosea, naona. Pazia linatenda haki kwa dakika 10 za usaili, na dakika hizo zibaki zilivyo. Tatizo liko kabla yake: masomo ya tangu utotoni, chombo chenye bei ya gari, nauli na hoteli za kuzunguka kwenye usaili, na zile deiwaka ambazo ndiyo njia ya mtu kuzoea kupiga na wakubwa. Ripoti ya umoja wa okestra za Marekani iliyotoka mwaka 2016 ilionyesha wanamuziki Weusi walikuwa asilimia 1.8 tu. Ripoti ya mwaka 2023 ikasema 2.4.

Sasa linganisha na nota. Katika muda huo huo Price ametoka kwenye nyumba mbovu hadi kwenye Okestra ya Philadelphia, ambayo rekodi yake ya simfoni mbili za Price ilishinda Grammy mwaka 2022. Watunzi wameingia haraka, wapigaji wanatambaa. Sababu si ngumu kuiona. Utunzi wa Price unachukua nusu saa ya usiku mmoja, watu wanapiga makofi, kesho yake Tchaikovsky, Mrusi aliyezoeleka, anarudi. Kiti cha mpigaji ni ajira hadi kustaafu, na kinafunguka pale tu mwenyewe anapoondoka au kufa.

Ndiyo maana lawama ya kujitenga, kwamba Chineke! inawaweka Weusi kando peke yao, naigawa mafungu mawili. Kwa upande wa watunzi ina uzito, na kila mwaka unaongezeka. Ukimfunga Coleridge-Taylor kwenye programu ya Weusi peke yao, na hasa ukimtoa Oktoba tu, mwezi wa historia ya Weusi huko Uingereza, unawapa okestra nyingine ruhusa ya kusema huyo ana wenyewe. Afadhali Noneti ipigwe usiku mmoja na Brahms, msikilizaji asikie mwenyewe nani kamzidi nani na wapi. Chineke! walifanya karibu hivyo siku ile ya kwanza, na wanapoacha kufanya hivyo wanapoteza kitu.

Kwa upande wa wapigaji, lawama hiyo siioni. Kijana anayelipwa kupiga Noneti, mbele ya watu, bila kondakta, anapata uzoefu ambao deiwaka za kujuana zilikuwa zikimnyima. Chineke! inayo pia okestra ya vijana, wa kuanzia miaka 11, na huko ndiko idadi ndogo ya wapigaji Weusi itakakoguswa kama itaguswa. Sheku Kanneh-Mason alikuwa akipiga selo na Chineke! aliposhinda shindano la BBC la wanamuziki vijana mwaka 2016, Mweusi wa kwanza kulitwaa. Leo anaalikwa na okestra zisizotazama rangi yoyote, akipiga kazi za watunzi Wazungu kama Elgar na Shostakovich, na hakuna anayemuuliza alianzia wapi.