Afande wa Majengo

Mpwa wangu amekuja likizo baada ya kuhitimu mafunzo ya jeshi kule Eldoret, na tangu ashuke basi, hapa kwetu Majengo, Mombasa, hakulaliki. Alfajiri, muadhini hajamaliza kukohoa, yeye keshapiga firimbi ukumbini. Firimbi! Mimi ambaye hata kunguru nimeacha kuwaamkia!

Kisa ni zawadi. Kijana alikuwa akiwania tuzo ya uongozi. Mbio alizikatia tamaa mapema. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na yeye amelelewa mahali ambapo bahari yenyewe inakuja kukubishia hodi. Wenzake wa kule wamezaliwa wakikimbia. Yeye alikuwa akifika mwisho, ulimi nje. Basi akasema atawapiku kwa kuongoza.

Lakini uongozi wa kuruta, kwa alivyonihadithia mwenyewe, si kelele. Mmoja akitandika kitanda vibaya, wote wanarushwa kichurachura, na wakufunzi wanatazama nani anamwinua mwenzake na nani anamlaani. Zawadi ikaenda kwa kijana mmoja mpole, hata "karibu chai" haimtoki. Siku ya gwaride la kuhitimu dada yangu, mamake kijana, akapiga vigelegele vivyo hivyo. Wote sare moja, kofia machoni, utajuaje wako ni yupi?

Sasa mashindano kayahamishia kwetu. Viatu vyangu vimepangwa mstari mmoja na kandambili za watoto, kwa urefu. Mahamri hayaliwi mpaka watu wahesabiwe, na mbaazi huko zinapoa. Juzi kaniambia, "Shikamoo mjomba, simama wima." Niitikie marahaba au nibane visigino?

Jana mifereji imekauka, kama ilivyo ada yake, akaja muuza maji na mkokoteni. Kijana akapanga foleni mtaa mzima: wenye mitungi mbele, wenye ndoo nyuma, wazee pembeni wangoje amri. Muuza maji naye akatakiwa ataje jina na kikosi. Akatutazama mmoja mmoja, akageuza mkokoteni, akashika njia ya Mwembe Tayari. Mtungi hata mmoja haukujazwa.

Dada yangu akachungulia dirishani, ghorofa ya tatu. Wala hakupaza sauti.

"We mwana, maji yako wapi?"

"Nayafuata, mama!"

Akatoka mbio na mitungi miwili, akampata yule bwana njiani, sijui alimbembeleza kwa maneno gani, akarudi, akapandisha, akashuka kufuata mingine. Kumbe huku chini usawa wa bahari mbio anazo tele! Watoto wakamfuata na ndoo zao, hakuna aliyewapigia firimbi. Alipomaliza ya kwao akambebea na bibi wa nyumba ya pili.

Nami ningemsaidia, wallahi, ila wakati huo nilikuwa bado niko pembeni na wazee wenzangu, tukingoja amri.