Matone kwenye ngao ya Bibi wa Clare

Chuo cha Clare pale Cambridge kina ngao yenye ukingo mweusi, na kwenye huo weusi yametawanywa matone ya rangi ya dhahabu. Ukiuliza ni nini, utaambiwa ni machozi: mwanamke aliyekifadhili chuo alifiwa na waume watatu kabla hajatimiza miaka 30. Hadithi tamu, ila mimi inanikera. Elizabeth de Burgh, ndiye huyo Bibi wa Clare, alikuwa na mengi ya kumliza, lakini kila nikifuatilia maisha yake naona chanzo cha balaa ni kimoja tu, nacho ni mashamba.

Tuanze na mama yake, maana ukaidi ule una asili. Joan alikuwa binti wa mfalme Edward wa Kwanza, akazaliwa Acre mwaka 1272, wazazi wake wakiwa katika safari ya vita vya msalaba. Mumewe, Gilbert de Clare, alifariki Desemba 1295, Elizabeth akiwa kichanga cha miezi mitatu hivi. Mfalme akaanza mipango ya kumwoza bintiye kwa mtawala wa Savoy. Joan hakungoja. Akaolewa kwa siri na Ralph de Monthermer, kijana wa nyumbani mwake asiye na mali wala ukoo wa kutajwa. Baba alifura kwa hasira, akamtupa mkwewe kifungoni katika ngome ya Bristol, na mwishowe akakubali yaishe. Hiyo ngome ikumbuke.

Sasa mali yenyewe. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo mtoto wa kiume wa kwanza alibeba urithi wote wa ardhi. Pasipokuwa na wa kiume, mabinti waligawana sawa kwa sawa. Kaka yake Elizabeth, naye aliitwa Gilbert, aliuawa vitani Bannockburn, Scotland, tarehe 24 Juni 1314 bila kuacha mtoto, na moja ya hazina kubwa kuliko zote katika ufalme, yenye mashamba Uingereza, Wales na Ireland, ikaangukia mikononi mwa dada watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Elizabeth alikuwa na miaka 18, na tayari ni mjane. Mumewe John de Burgh, mrithi wa Ulster huko Ireland, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia na kumwachia mtoto mdogo, William.

Mjane mbichi mwenye theluthi ya mali ya ukoo wa Clare! Mjomba wake, mfalme Edward wa Pili, akamwita kutoka Ireland haraka na kumweka ngome ya Bristol, ileile. William alibaki Ireland. Februari 1316 Theobald de Verdun akamtoa humo na kumwoa bila ruhusa ya mfalme. Alipobanwa alijitetea kwamba walikwisha kuchumbiana na bibi alimfuata kwa hiari yake. Huenda. Ila utetezi huo ni wa mwanamume, na yeye ndiye aliyekuwa na la kupata.

Karibu miezi sita baadaye Verdun akafa. Elizabeth, mjamzito, akaenda Amesbury kwa mama yake mdogo Mary aliyekuwa mtawa. Hata huko barua za mfalme zilimfuata, zikimhimiza aolewe na Roger Damory, kipenzi cha ikulu. Machi 1317 akajifungua binti, Isabella, na hata uzazi haujakauka akawa mke wa Damory. Huyo naye akaasi, akafa 1322.

Katikati ya msiba huo akatokea shemeji. Hugh Despenser, mume wa dada yake Eleanor, ndiye aliyekuwa na sikio la mfalme, na alilitaka eneo la Usk huko Wales, lililokuwa fungu la Elizabeth. Wakati wa Krismasi ya 1322 Elizabeth aliitwa York, washauri wake wakatengwa naye, akashurutishwa kukubali yaliyoandikwa na wengine. Usk ikabadilishwa na Gower, na kisha Gower nayo akanyang'anywa. Hakunyamaza. Mei 1326 alifanya jambo ambalo kwangu linampa heshima kuliko hata chuo: aliandikisha kwa siri mbele ya karani wa hati malalamiko yake yote, namna alivyotishwa na alivyonyang'anywa, akaiweka karatasi hiyo isubiri siku yake. Siku ilifika upesi. Kabla mwaka haujaisha Despenser alinyongwa Hereford, na Usk ikarudi kwa mwenyewe.

Akawa na miaka 31, na hakuolewa tena. Hapa naomba tumwelewe. Ardhi ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa mikononi mwa mume, ilhali mjane alishitaki, aliajiri na aliweka muhuri kwa jina lake, tena alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe maisha yake yote. Elizabeth alikuwa na mafungu ya namna hiyo juu ya urithi wake mwenyewe. Baadaye akaweka nadhiri ya useja, na sidhani ilikuwa ibada tupu. Dada yake Eleanor alipofiwa na yule Despenser alitoroshwa na William la Zouche, na binti wa Margaret naye akabebwa na Ralph Stafford. Katika ukoo ule nadhiri ilifanya kazi ya komeo.

Nyuma ya komeo hilo aliendesha mambo yake kwa miaka 34, na hesabu za nyumba zipo hadi leo: mikate, bia, samaki wa Ijumaa, mishumaa, sare za watumishi. Wanaoona hesabu za jikoni ni takataka wakumbuke kwamba mjukuu wake, naye Elizabeth, alikuwa na karani wa namna hiyo, na ni katika hesabu hizo za mwaka 1357 kijana Geoffrey Chaucer, aliyekuja kuwa mshairi mkubwa wa Kiingereza, anaonekana kwa mara ya kwanza, akinunuliwa koti fupi la shilingi 4.

Mjukuu huyo alikuwa mtoto wa William, yule aliyebaki Ireland. William aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1333, akiwa na miaka 20. Kama matone yale ni machozi kweli, mimi ningeyahesabia hapo.

Katika wasia wake wa 1355 aliagiza ratili 200 za nta ziwake kuuzunguka mwili wake, na misa kwa ajili ya waume wote watatu, Verdun akiwemo. Lakini alipofariki Novemba 1360 hakulazwa kando ya yeyote kati yao. Alizikwa kwa watawa wa kike nje ya lango la Aldgate, London, ambako alikuwa amejijengea nyumba akiwa hai.